Siti binti Saad Amesifiwa Mno?

Kuna mijadala chuoni ambayo haiishi. Bumu litatoka lini, wali wa kafeteria umepungua au sisi ndio tumekua, na ule wa tatu ulionifanya nishike kalamu: albamu gani imesifiwa kuliko inavyostahili. Huu wa tatu hauna msimu. Pita kwenye kimbweta chochote jioni utaukuta. Mmoja anasema A Boy from Tandale ya Diamond ilibebwa na jina la mwenye nayo. Mwingine anajibu kwamba iliyobebwa hasa ni Made in Lagos ya Wizkid, eti watu wanaisifu kwa sababu wamesikia wengine wakiisifu. Halafu anatokea wa tatu na Machozi, Jasho na Damu ya Profesa Jay ya mwaka 2001, anasema hiyo haiguswi, na hapo kelele zinaanza, maana wengi wetu tulizaliwa albamu hiyo ikiwa imeshazeeka.

Muhula uliopita mjadala huo ulichukua njia nyingine kabisa. Mwenzetu mmoja anayesoma fasihi alisema tunapoteza muda na hawa wa juzi. Kwa maoni yake, msanii aliyesifiwa kupita kiasi kuliko wote Afrika Mashariki ni Siti binti Saad. Akatoa hoja tatu, nami naziandika hapa bila kumpunja. Kwanza, sahani zake za santuri hazisikiki. Ni mikwaruzo mitupu, na anayesema anazipenda anajifanya msomi. Pili, jina lake limekuzwa na kitabu cha Shaaban Robert na wanaharakati waliotaka mtu wa kumfanya alama, muziki wenyewe haukufanya kazi hiyo. Tatu, hakuwa peke yake, lakini sifa zote kabeba yeye. Watu wakacheka, wengine wakawaka kama wametukaniwa bibi yao. Ajabu ni kwamba waliowaka na waliocheka, ukiwauliza wataje nyimbo zake mbili, wengi waliishia kwenye Muhogo wa Jang'ombe, kisha wakatazama simu.

Mimi nadhani zile hoja tatu zinastahili majibu, na majibu yake hayapatikani mpaka mtu aijue safari ya mwanamke huyu. Ndiyo maana naisimulia.

Lakini kwanza mtu anaweza kuniuliza: wewe wa Kigoma, Siti anakuhusu nini? Mimi nimekulia Ilagala, pale Mto Malagarasi unapoingia Ziwa Tanganyika. Kwetu muziki unatoka ng'ambo ya ziwa. Ukisubiri kuvuka pale kivukoni, spika ya muuza mawese inapiga rumba ya Kongo. Ukipita mwaloni asubuhi dagaa wakianikwa, ni rumba ileile. Taarabu tunaihesabu kuwa mali ya watu wa pwani, labda na harusi za Ujiji.

Sasa ufuate mto huo kuelekea juu. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Ujiji na pembe za ndovu na watumwa ilibidi ivuke Malagarasi, ikalipa hongo kwa wenye mitumbwi wa Uvinza, ikaenda Tabora, ikashuka Bagamoyo, ikavuka bahari mpaka Unguja. Baba yake Siti, Saad, asili yake ilikuwa Unyamwezi, katikati ya njia hiyo. Asili ya mama yake ilikuwa Uzigua. Wenyewe wawili walizaliwa Unguja, watu maskini wa tabaka lililotokana na utumwa. Kwa hiyo sauti tunayoiita ya pwani ilikuwa na mizizi bara, na njia iliyoipeleka huko ilipita kwenye mto ambao mimi nimeuoga tangu utotoni. Hilo linatosha kunifanya nimsikilize.

Alizaliwa Fumba, kijiji kilicho kusini mwa mji wa Unguja, yapata mwaka 1880. Jina alilopewa ni Mtumwa. Ndiyo, Mtumwa. Hilo halikuwa tusi la mtaani, ndilo jina aliloitwa nyumbani akiitwa kuja kula. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, enzi za Sultani Barghash, lakini utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria visiwani mpaka 1897. Maana yake ni kwamba binti huyu alifika utu uzima katika nchi ambayo jina lake lilikuwa bado ni hali inayotambuliwa na sheria. Akitambulishwa tu kwa jina, tayari mtu alijua amweke wapi.

Shule hakuwa nayo. Mama yake alikuwa mfinyanzi, na kazi ya binti ilikuwa kuvichukua vyungu kichwani kutoka shamba mpaka mjini kwa miguu na kuvitembeza mlango kwa mlango. Kwa lugha ya leo alikuwa machinga, na kama machinga wote alinadi bidhaa kwa sauti. Inasimuliwa kwamba sauti yenyewe ilianza kujulikana kabla ya mwenyewe: watu walio ndani walisikia kwa mbali wakajua muuza vyungu wa Fumba anakuja. Ukitaka kujua alijifunzia wapi kutoa sauti inayofika mwisho wa mtaa bila kipaza sauti, anza hapo.

Mwaka 1911 akahamia mjini. Hapa inabidi tueleze taarabu ilikuwa nini wakati huo, la sivyo hatua aliyopiga haionekani. Taarabu ya Unguja ilianzia ikulu. Barghash alimpeleka kijana aliyeitwa Mohamed bin Ibrahim Misri kujifunza kinanda cha kanuni, akarudi na muziki wa Cairo, ukapigwa mbele ya Sultani na wageni wake. Uliimbwa kwa Kiarabu. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha Nadi Ikhwani Safaa, ambacho kipo mpaka leo, nacho kilikuwa cha wanaume. Kwa hiyo mlango ulikuwa na makufuli matatu: lugha, nasaba na jinsia. Muuza vyungu wa Fumba hakuwa na ufunguo hata mmoja.

Aliyemfungulia dirisha alikuwa mwanamuziki Ali Muhsin, aliyeisikia sauti ile akajitolea kumfundisha kuimba. Akajifunza kusoma Qurani, akajifunza kuyatamka maneno ya Kiarabu kama wenyewe, akajifunza kukaa ndani ya mapigo ya ala. Sisi wa elimu tunapaswa kusimama kidogo hapa. Huyu alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, hajawahi kukaa darasani, anaanza herufi upya. Tunapofundishwa nadharia za elimu ya watu wazima tunapewa mifano ya mbali sana wakati wa karibu tunaye.

Mjini akapata na jina jipya, Siti, yaani bibi wa heshima. Kutoka Mtumwa hadi Siti, ndani ya maisha ya mtu mmoja. Ila usidhani mji ulimpokea kwa vigelegele. Wapinzani walimtungia wimbo wa kejeli, wakauliza amekuwa mtu tangu lini, wakakumbusha kwamba aliingia mjini amejifunga kaniki, ile nguo nyeusi ya watu duni, na kwamba bila sauti yake angekula nini. Naye akajibu kwa wimbo. Hakuukana umaskini wake wala hakujitafutia ukoo wa kubuni. Jibu lake lilikuwa kwamba uzuri wa sura na ukubwa wa nasaba si kitu iwapo kichwani hamna akili. Leo tungesema walirushiana vijembe. Tofauti ni kwamba wa leo wengi wanatafuta kiki, yeye alikuwa anatetea haki ya kuhesabiwa mtu.

Aliishi Ng'ambo, upande wa mji walikoishi watu wa kawaida, wengi wao wakiwa watumwa wa zamani na watoto wao. Ikulu alikwenda, akaimba mbele ya Sultani Khalifa bin Haroub na wageni wake. Lakini nyumba yake ndiyo ilikuwa jukwaa lake. Usiku watu walikusanyika huko, mabaharia, wachukuzi, wake kwa waume, na waliyoyasikia yaliimbwa kwa Kiswahili. Hilo ndilo jambo lake kubwa kuliko yote kwa maoni yangu. Muziki ulioshuka kutoka ikulu ukiwa na lugha ya wageni, yeye na wenzake waliushusha mpaka barazani ukazungumza lugha ya muuza samaki.

Na nimesema yeye na wenzake, kwa sababu hapa ndipo hoja ya tatu ya yule mwenzetu inapopata nguvu. Siti hakuwa peke yake. Palikuwa na Subeit bin Ambar aliyepiga udi. Palikuwa na Mbaruk Talsam. Palikuwa na Budda bin Mwendo, na Maalim Shaaban, ambaye naye alikuwa mwimbaji. Watu hawa walitunga pamoja, walifanya mazoezi pamoja, na walisafiri pamoja. Baadhi yao walirekodi nyimbo zao wenyewe. Leo muulize mwanafunzi yeyote ayataje majina hayo manne uone kama atafika la pili. Kwa hiyo kwenye hoja hii nakubaliana na mwenzetu: hadithi ya shujaa mmoja aliyeinuka peke yake imekuzwa mno. Lakini kosa hilo ni la sisi wasimuliaji. Dawa yake ni kuongeza majina ya wenzake, siyo kulifuta la kwake.

Twende sasa kwenye sahani zenyewe, maana ndizo zilizoleta ugomvi. Mwaka 1928 kampuni ya Gramophone ya Uingereza, yenye nembo ya His Master's Voice, ile ya mbwa anayesikiliza gramafoni, ilimpeleka Siti na kundi lake Bombay, India, kurekodi. Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na gramafoni na maduka ya kuziuza, lakini zilipiga nyimbo za Kihindi na Kiarabu. Sahani za Siti zikawa miongoni mwa za kwanza kabisa za Kiswahili kuuzwa, na yeye akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodi. Ziliuzika vizuri kiasi kwamba kampuni ilirudi kurekodi zaidi, na kampuni nyingine, Columbia na Odeon, zikaingia kwenye ushindani. Mfanyabiashara harudi mara ya pili kwenye bidhaa iliyomlalia dukani.

Tufikirie walichofanya pale Bombay. Sahani za wakati huo zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulibeba kama dakika tatu tu. Usiku wa taarabu Ng'ambo wimbo haukuhesabiwa dakika. Ubeti ukiwachoma watu, mtu anainuka kwenda kutunza, waimbaji wanaurudia, wapigaji wanaongeza madoido, mwingine anadakia. Wimbo ulikwenda kadiri watu walivyoutaka. Sasa uchukue wimbo huo uupeleke kwenye chumba cha kurekodi nchi ya mbali, bila wasikilizaji wake, bila vigelegele, na useme mwanzo na mwisho ni dakika tatu. Kilichobaki kwenye sahani ni kipande. Tena kipande kilichochapwa kwenye kitu kinachokwaruzika kwa kila pigo la sindano, kikapita mikono na maduka na mavumbi kwa karibu miaka mia moja kabla ya kufika kwenye simu yako.

Basi anayesema sahani zile hazisikiki vizuri anasema kweli. Zinakwaruza. Lakini hapo amekipima chombo tu. Akitaka kumpima Siti, inabidi akijue kwanza kile ambacho chombo hakikuweza kukibeba.

Kuna jambo lingine ambalo tunalisahau kwenye mabishano ya vimbweta. Albamu kama tunavyoielewa sisi, nyimbo kumi au kumi na tano zilizopangwa kwa mpangilio zikiwa na wazo moja, haikuwepo. Neno lenyewe lilitokana na majalada ya kuhifadhia sahani, yaliyofanana na albamu za picha. Santuri ndefu, inayobeba nyimbo kadhaa upande mmoja, ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1948, Siti akiwa ni mtu wa kukaribia miaka 70. Kwa hiyo hana albamu hata moja. Zile orodha za albamu bora za dunia zinazotolewa na magazeti ya Ulaya na Marekani zikimwacha, zinamwacha kwa kanuni ya mchezo ambao hakuwahi kuucheza. Na hayuko peke yake. Sehemu kubwa ya muziki uliowalea wazee wetu ulitoka kwa wimbo mmojammoja, kwenye santuri ndogo au kwenye redio, na albamu nyingi tunazozipakua leo zilikusanywa na watu wengine baadaye. Tukisema albamu ya zamani imekuzwa mno, mara nyingi tunambishia aliyeikusanya, mwimbaji hata hakuiona.

Sasa maneno. Siti na wenzake waliimba mapenzi kama wote, tena mengi. Lakini waliimba pia mahakama, wakubwa waliotumia vibaya nafasi zao, na mambo yaliyotokea mtaani wiki iliyopita. Wimbo unaojulikana zaidi wa aina hiyo ni Kijiti. Unahusu tukio la kweli. Mwanamke mgeni, mjamzito, alitoka Dar es Salaam kwenda Unguja kutembea. Wenyeji wake wakamchukua kwenda kwenye ngoma. Huko akakutana na mwanamume aliyeitwa Kijiti, ambaye alimbaka na kumuua, kisha akatorokea bara. Wenyeji wale wa kike walipojitokeza mahakamani kutoa ushahidi, wao ndio walioadhibiwa, kwa madai ya kuhusika na pombe iliyonywewa siku ile. Mwuaji yuko bara, mashahidi wanaadhibiwa. Serikali iliyokuwa ikihukumu ilikuwa ya kikoloni, na gazeti la kuandika habari hiyo kwa upande wa wanawake wa Ng'ambo halikuwepo. Palikuwa na wimbo.

Mwaka jana nilikwenda mazoezi ya kufundisha, kwenye shule moja ya sekondari ya kando ya ziwa, kwetu Kigoma. Kidato cha pili, kipindi cha fasihi simulizi, saa saba mchana, joto, wanafunzi zaidi ya sitini. Niliwawekea wimbo mmoja wa Siti kwenye simu nikaiegemeza kwenye kikombe ili sauti ivume. Walicheka. Mmoja akasema, mwalimu, hizo ni dagaa zinakaangwa. Darasa zima likaangua kicheko, na kusema kweli alikuwa amepatia, mikwaruzo ile inafanana sana na dagaa kwenye mawese ya moto. Nikawaacha wacheke. Wimbo ulipoisha nikazima simu nikawasimulia kisa cha Kijiti.

Kicheko kiliisha chenyewe. Msichana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye kwa wiki tatu hakuwa amenyoosha mkono, aliuliza kwa nini walioadhibiwa ni mashahidi. Mvulana akajibu kwamba labda na wao walikuwa na makosa, kwa nini walimpeleka mgeni kwenye pombe. Msichana akamgeukia akamuuliza kama kwenda ngomani ni kosa la kufa. Wakaanza. Wakaingia wengine. Mmoja akauliza kama leo jambo kama hilo likitokea kijijini watu wangethubutu kwenda kutoa ushahidi, na swali hilo halikujibiwa na mtu; baadhi yao walitazamana tu kwa namna ambayo mwalimu mgeni haelewi yote. Kengele ililia tukiwa katikati. Hakuna aliyekumbuka tena habari ya dagaa.

Sitaki kusema kwamba kipindi kile kilibadilisha maisha ya mtu. Ninachosema ni kwamba kisa kilichoimbwa Unguja zamani kiliweza kuwafanya watoto wa kando ya Ziwa Tanganyika wabishane juu ya haki, kwa Kiswahili, bila mimi kuwasukuma. Albamu ngapi tunazozipigania sasa zitaweza hivyo baada ya miaka mia?

Tumalizie safari yake. Siti aliendelea kuimba kwa miaka mingi, na kabla ya kufa alikutana na Shaaban Robert, aliyemhoji juu ya maisha yake. Alifariki tarehe 8 Julai 1950. Mwaka uliofuata, 1951, redio ya Sauti ya Unguja ilianza kurusha matangazo. Nikilifikiria hilo naona uchungu kidogo. Chombo ambacho kingeipeleka sauti yake kwenye kila baraza la visiwani kilifika akiwa ameshazikwa. Umaarufu wote alioupata akiwa hai aliupata kwa miguu yake, kwa baraza lake, na kwa zile sahani zinazokwaruza.

Hapo ndipo naijibu hoja ya pili, ile ya kwamba jina lake limekuzwa na waandishi na wanaharakati. Kitabu cha Shaaban Robert, Wasifu wa Siti binti Saad, kilitoka baada ya kifo chake. Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kiliita jarida lake Sauti ya Siti mwishoni mwa miaka ya 1980. Hayo yote yalikuja nyuma. Bombay ilikuwa 1928. Kejeli za kaniki zilikuwa za wakati wake, na watu hawajisumbui kutunga wimbo wa kumshusha mtu asiyejulikana. Shaaban Robert mwenyewe, mshairi mkubwa wa Tanga, alimwendea kwa sababu alikuwa ameshakuwa Siti. Halafu kuna Bi Kidude, aliyefariki 2013, ambaye tangu udogo wake aliisikiliza sauti ya Siti na akaendelea kuziimba nyimbo zake hadi uzeeni, Kijiti ikiwa mojawapo. Bi Kidude hakumjua Siti kitabuni. Alimsikia.

Nakubali kwamba kuna sifa za Siti zinazotolewa kivivu. Tunamtaja kwenye mtihani kama mwanamke wa kwanza kurekodi, tunapewa alama, tunasonga mbele. Tunamwita mama wa taarabu kana kwamba taarabu haikuwepo kabla yake, wakati ilikuwepo ikulu na Nadi Ikhwani Safaa ilishaanza. Sifa za namna hiyo ndizo zilizomfanya mwenzetu achoke, na simlaumu. Mtu akisifiwa na watu wasiomsikiliza, siku moja lazima atokee mmoja aseme amesifiwa mno. Nadhani hata zile albamu nyingine tunazozigombania zinasumbuliwa na ugonjwa huohuo. Kinachoudhi ni sifa zilizokaririwa. Muziki wenyewe haujafanya kosa.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii, na anayepinga aandike toleo lijalo. Sahani za Siti, kama sahani, zimesifiwa kuliko zinavyosikika. Hadithi ya Siti kama mtu aliyefanya yote peke yake imekuzwa. Lakini alichokifanya, kuuchukua muziki wa ikulu na kuuimba kwa lugha ya watu walioitwa watumwa, kuyaingiza ndani yake mambo ya mahakamani na ya mtaani, na kujibu kwa wimbo alipoulizwa amekuwa mtu tangu lini, hicho hakijasifiwa hata nusu.

Wenzangu wa elimu mnaokwenda mazoezi ya kufundisha mwaka huu, hasa mtakaopangiwa mbali na pwani, nawaomba jambo dogo. Wekeni wimbo mmoja kwenye simu kabla hamjapanda basi, maana mtandao wa huko mnaujua wenyewe. Watoto watacheka mikwaruzo, waacheni wacheke. Halafu chukueni chaki muandike ubaoni: Siti binti Saad, Subeit bin Ambar, Mbaruk Talsam, Budda bin Mwendo, Maalim Shaaban. Yote matano.